Mnunuzi wa Kinjumbi

Watu wanabishana siku hizi kama kuna haja ya kununua sidii wakati nyimbo zote ziko kwenye simu. Nimewasikia hata redioni, vijana wanawacheka wanaonunua, watu wazima wanajitetea. Wangeniuliza mimi. Katika pwani hii yote, kuanzia Somanga mpaka Lindi, sidhani kama yupo mtu aliyenunua albamu ya kwaya kwa wingi kunishinda, na mimi kwaya siimbi, kanisani siendi, na katika hizo nilizonunua sikuwahi kuweka hata moja kwenye deki.

Nilikuwa nazinunua ili zisiwepo.

Jina nililozaliwa nalo ni Bertha, binti Faustino, wa Rutamba. Nilipoolewa na Abilahi wa Kinjumbi nilisilimu nikapewa jina jingine, lakini hapa Kinjumbi hakuna anayeniita kwa hilo wala lile, mimi ni Mama Ismael basi. Nyumbani kwetu ni watu wa kanisa hasa. Baba alikuwa katekista. Nilipobadili dini alinuna mpaka anaingia kaburini, ila mama alilia siku moja akaacha. "Mungu ni huyo huyo," aliniambia. "Wewe uwe unakuja tu kuniona." Na nilikuwa naenda. Kila msimu nilikwenda, na samaki wakavu nimembebea, nalala naye kitanda kimoja tunasengenya watu mpaka tunapitiwa na usingizi.

Ninaye mdogo wangu mmoja, Erasmo. Huyo nimembeba mgongoni, nimemfuta makamasi, nimempigania kwa watoto wenzake. Alipokua akawa mwalimu wa kwaya pale Rutamba, na sauti alipewa, siwezi kumnyima. Shida ya Erasmo ni moja tangu utotoni: kusema na mtu uso kwa uso hawezi. Ukimwudhi, ananyamaza, halafu wiki inayofuata unasikia wimbo.

Mwaka aliokufa mama, masika yaliingia kwa fujo. Habari niliipata asubuhi, nikaondoka na nguo niliyokuwa nimevaa na kanga moja begani. Basi lilifika mto Matandu likasimama. Maji yamepanda juu ya barabara, mbele huoni daraja wala huoni njia, unaona maji tu yanakokota miti. Tukalala pale, tukaamka pale, tukalala tena. Mimi nilitaka kuvuka kwa miguu. Niliingia mpaka maji yakanifika kifuani, madereva wa malori wakanifuata wakanivuta nje kwa nguvu, mmoja akaniuliza kama nataka wanizike mimi kwanza. Rutamba wakati ule simu ilikuwa mpaka mtu apande kilimani ndiyo aipate. Nilipiga na kupiga mpaka betri ikaisha.

Maji yalipopungua nikavuka, mwili mzima tope. Nangurukuru yupo mke wa shemeji yangu. Aliponiona alinishika mkono akanipeleka bafuni, akaniogesha, akatoa doti mpya ya kanga kwenye sanduku lake akanivika, kwa sababu huwezi kuingia kwenye msiba wa mama yako unanuka mto. Alinitendea wema yule mama. Na wema wenyewe ndio ulioniponza.

Nilifika Rutamba mama ameshazikwa, matanga yanaanuliwa. Wafiwa macho mekundu, nguo zimekunjamana kwa kulala chini, na mimi ndiyo naingia, doti inang'aa. Erasmo akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikamwambia Matandu imejaa, tumekwama huko. Akasema mbele za watu, "Naona, dada. Naona tope lilivyokuchafua." Kuna mtu akacheka, hapo hapo msibani. Nilijieleza nikajieleza, lakini kila nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuonekana natunga. Wengine wakasema mume wangu ndiye aliyenizuia nisisimame kwenye kaburi lenye msalaba. Wengine wakasema nilikuwa kwenye biashara zangu. Niliondoka siku ile ile, na kwa miaka mingi sikurudi.

Baada ya Krismasi nilikuwa stendi ya Nangurukuru na tenga langu la samaki. Pale stendi kulikuwa na kibanda cha kijana mmoja anaitwa Ahmadi, anauza sidii, ameweka spika mbili nje zinawapigia abiria kelele. Nikasikia sauti ya Erasmo. Nitaijua popote sauti ile. Nikasimama, moyo ukanilainika kabisa, nikajisemea alaa, mdogo wangu ametoa albamu. Ndipo nikayasikia maneno:

*Wewe wa Kinjumbi, ee wewe wa Kinjumbi,*
*udongo wa mama ulikuogopesha mikono?*
*Wageni walizika, majirani walizika,*
*wewe wa tumbo lake ulikuwa wapi?*

Kwetu kutia udongo ni jambo la mwisho mtoto analomfanyia mzazi. Asiyetia anasemwa. Lakini anasemwa kwa pembeni, kwa siku chache, halafu watu wanapata jingine la kusema. Kusemwa kwa kinanda na sauti nne, na kuuzwa stendi, hilo nilikuwa sijaliona. Na jina hakunitaja, mjanja yule. Atanitajaje na Rutamba nzima inajua ni nani aliyeolewa Kinjumbi?

Nikamwendea Ahmadi.

"Shikamoo mama," akasema. "Umeipenda? Mpya hiyo, kwaya ya Rutamba, inakwenda mbio."

"Marahaba. Unazo ngapi?"

"Unataka mbili?"

"Nimekuuliza unazo ngapi. Nipe zote."

Fedha za samaki zikaishia pale. Niliporudi nyumbani, Abilahi akaangalia kile kirundo kitandani, akaniangalia na mimi. Mume wangu ni mpole, hata kugomba anagombea tumboni. "Mama Ismael," akasema, "ukinunua zote, si ataagiza nyingine?"

"Nitanunua na hizo."

Na nikanunua. Kila nikipeleka samaki Nangurukuru, napitia kibandani, nabeba. Nilimtuma mtu Kilwa Masoko, nikamtuma mwingine Lindi mjini. Watu wa Rutamba walikuwa nazo zao, hao sikuwaweza, lakini hao walikuwa wameshanihukumu siku ya msiba, hawana jipya. Mimi nilikuwa nawakinga watu wa Kinjumbi. Hapa ndipo ninapoishi. Hapa nina wakwe, nina watoto, nina jina la heshima. Na nakwambia haikuingia Kinjumbi hata moja ila zile nilizoziingiza mimi.

Abilahi alinishauri nizichome. Sikuweza. Kwenye jalada walikuwa wameweka picha ya kaburi la mama, na msalaba wake, na jina lake. Nitalichomaje jina la mama? Nikazitia kwenye viroba, na nailoni zake hivyo hivyo bila kufunguliwa, nikazirundika stoo kwenye nyavu.

Miaka ikaenda. Sidii zikapungua, halafu siku moja nafika kibandani kwa Ahmadi, rafu tupu, spika zipo ila mezani kuna kompyuta. Nikapumua. Nilidhani wimbo umekufa pamoja na sidii, na mimi nimeushinda.

Mwaka jana, natoka msikitini upande wa wanawake, bodaboda imeegeshwa pale nje na redio yake inaimba. *Wewe wa Kinjumbi, ee wewe wa Kinjumbi.* Yule dereva hakujua lolote, alikuwa amefurahi kusikia kijiji chake kimetajwa. Vijana wenzake wamemzunguka, kila mmoja anataka arushiwe. Mwanamke mmoja niliyetoka naye akauliza, "Huyo aliyekataa kumzika mama yake ni nani jamani?" Nikashika njia ya nyumbani.

Kesho yake nikaenda Nangurukuru. Ahmadi sasa ni mtu mzima, ana kitambi.

"Ule wimbo wa Rutamba," nikamwambia. "Unao?"

"Ninao mama, huo hauishi umaarufu. Lete simu nikurushie."

"Sitaki kurushiwa. Nataka kununua wote, usibaki nao."

Akacheka, halafu akaona sicheki. "Mama yangu, siku hizi hakuna kununua wote. Nikikurushia wewe, kwangu unabaki. Nikimrushia na yule, unabaki. Hauishi. Na mimi mwenyewe nisipokuwa nao, mtu anaushusha mtandaoni akiwa kitandani kwake."

"Na albamu nzima? Zile nyingine?"

"Nani anataka albamu nzima, mama? Watu wanachukua wimbo mmoja wanaoutaka. Tena wengine wanakata kipande tu."

Nikasimama pale kwenye jua nimebeba pochi yangu, na kwa mara ya kwanza fedha haikuwa na kazi. Miaka yote nilikuwa na njia. Ilikuwa ngumu, ilikuwa ya kijinga labda, lakini ilikuwa njia: kitu kipo mezani, nakibeba, hakipo tena. Sasa nitabeba nini? Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe.

Kilichonitoa kitandani ni simu ya Scholastica, binti wa Erasmo. Huyu mtoto alikuwa mdogo sana wakati wa msiba, amekua akanitafuta mwenyewe, tunasalimiana kwa simu baba yake akiwa hayupo. Safari hii sauti yake ilikuwa chini.

"Shangazi, nikwambie kitu usinigombeze. Kwaya inatengeneza video ya ule wimbo. Umependwa sana mtandaoni. Jumamosi hii tunapiga picha kaburini kwa bibi."

"Kaburini kwa mama yangu."

"Ndiyo. Na kuna dada wa kwaya ataigiza yule wa Kinjumbi. Wanamvalisha baibui, anasimama mbali, anageuka anaondoka. Mimi ndiye ninayepandisha nyimbo za kwaya mtandaoni, shangazi. Nimeona siwezi kupandisha hiyo bila kukwambia."

Sikumgombeza. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda stoo. Nilimwambia Abilahi wimbo ukiwa sauti tu, mtu wa Kinjumbi anaweza kusikia asijue. Wakiweka kaburi lenye jina la mama yangu na mwanamke aliyevaa baibui, wajukuu zangu wataonyeshwa kwenye simu shuleni, wataambiwa bibi yenu huyu hapa. Abilahi akafikiri kidogo. "Nenda kaseme naye," akasema. "Na hivi viroba uende navyo, stoo yangu inanuka." Alinibebea mwenyewe mpaka barabarani.

Rutamba nilifika Jumamosi asubuhi. Uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umejaa wanakwaya, sare za kitenge zimepigwa pasi, kinanda kiko chini ya turubai. Pembeni alisimama dada mmoja mrembo ndani ya baibui jeusi, anajizoeza kugeuka na kuondoka. Alipoona mtu mzima napita akasimama vizuri akanipa shikamoo. Nikaitikia. Maskini, hakujua kwamba anayemwamkia ndiye yeye mwenyewe. Waliobaki walijua. Kelele zilikatika pale uwanjani, wakawa wananiangalia, na mimi nikapita katikati yao na kiroba kimoja kichwani, kingine Scholastica amekuja kunipokea.

Erasmo alikuwa sebuleni anafunga vishikizo vya shati. Amezeeka mdogo wangu. Nywele nyeupe, na pumzi inamsumbua, nilimsikia kabla hajasema neno. Alinitazama kama aliyeona kitu kimeingia kutoka ukutani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nikasema, maana salamu hainyimwi mtu.

Nikafungua kiroba cha kwanza nikakimwaga miguuni pake. Nikafungua na cha pili. Zilianguka nyingi, zikateleza mpaka chini ya viti, sura ya kaburi la mama imejaa sakafu nzima. Mkewe, Mary, alikuwa anatoka jikoni na vikombe vya chai, akasimama mlangoni navyo.

"Hao ndio wapenzi wako wa Kinjumbi," nikamwambia. "Nimekuletea uwaone. Ulikuwa unajisifu, nasikia, kwamba wimbo wako umeuzika mpaka kwa Waislamu wa Kinjumbi. Hakuna aliyeununua, Erasmo. Nilinunua mimi. Nilinunua zote ili mtu asisikie. Na leo unanivalisha baibui unipeleke kwenye kaburi la mama yangu nikatazamwe na dunia nzima. Nimekuja kukuuliza, nikufanye nini uridhike?"

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi njia nzima, majibu ninayo. Yeye akainama, pumzi inamkatika, akaokota moja. Akaigeuza. Akaokota nyingine akaigeuza, na nyingine.

"Zina nailoni," akasema.

"Ndiyo zina nailoni. Kwani nilitaka kuzisikiliza?"

"Hukufungua hata moja?"

"Nifungue nisikie nini? Matusi niliyasikia stendi, yakanitosha."

Akakaa kwenye kiti polepole na zile sidii mkononi. Alikaa hivyo mpaka Mary akamwita jina. Halafu akaanza kusema, haangalii mtu, anaiambia sakafu.

"Yule dereva wa lori, Valentini, anayepakia korosho hapa kila mwaka. Mwaka ule alikuja msimu ulipoanza. Akanisimulia kama kichekesho, kwamba Matandu ilipojaa kuna mwanamke nusura afe maji mbele yao, anang'ang'ania kuvuka akamzike mama yake Rutamba. Amevaa kanga moja, mwili wote tope. Wakamvuta kwa nguvu. Nikamwuliza ilikuwa lini. Akaniambia lini."

Nikavikunja viroba vitupu.

"Tulikuwa tumesharekodi, dada. Jalada limeshachapwa. Nikawaambia wanakwaya wimbo utolewe, wakakataa, ndio uliobeba albamu. Sikuwa na ubavu wa kupigana nao, wala sikuwa na uso wa kuja Kinjumbi. Nikarudi studio peke yangu nikaimba mwingine. Nikauweka mwisho, baada ya zote. Kwenye jalada haumo kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha, na hapa kwetu watu walikuwa wanazima deki wimbo wa kumi ukiisha."

"Mwingine unasemaje?"

"Unakuomba msamaha."

Nilitafuta mahali pa kukaa nikakosa, nikajishikilia mlangoni.

"Nikangoja," akasema Erasmo. "Nikasikia Nangurukuru mzigo umeisha, wameagiza tena. Nikauliza nani ananunua, wakasema ni watu wa Kinjumbi. Nikafurahi, dada. Nikasema sasa amesikia, atakuja. Ukaisha tena, wakaagiza tena. Hukuja. Mwaka wa pili hukuja. Nikasema basi, amesikia na amekataa, ana haki yake. Nikakasirika na mimi. Ndiyo maana nikawaacha hawa vijana waendelee na ule wa kwanza."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira kwanza, na matusi kidogo, Mary alisikia. Nilimwambia ana miguu na ana mdomo, na gari la Kinjumbi lipo, na mtu akimkosea dada yake haendi kumwomba radhi nyuma ya nyimbo kumi kwenye sidii ya kuuza. Halafu hasira ikaisha ikabaki huzuni tupu, kwa sababu niliona mikono yangu mwenyewe inabeba zile sidii kibandani kwa Ahmadi, naondoka nazo nimejiona mshindi, na ndani yake mdogo wangu ananiita.

"Uweke," nikasema. "Nataka kuusikia."

Mary alitoa deki ya zamani kwenye kabati, Scholastica akaifuta vumbi akaiunganisha na televisheni. Erasmo mwenyewe ndiye aliyechana nailoni ya kwanza. Deki ikaimeza, ikazunguka, ikakoroma, ikasema haisomi. Wakachana nyingine. Haisomi. Scholastica akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akatuonyesha: upande wa chini umeingia madoa kama ukungu, umebabuka. Stoo yetu iko karibu na maji, na nyavu zinaingia na chumvi yake. Walichana nyingi, sakafu ikajaa nailoni. Moja ilicheza, tukasikia kinanda kidogo, ikakwama.

"Huku kwenu zipo?" nikauliza.

Hazikuwepo. Za kanisani ziliazimwa hazikurudi, za majumbani zilichezewa na watoto, na studio yenyewe ilishafungwa. Scholastica akasema ule wimbo alioupandisha mtandaoni aliutoa kwenye memori kadi ya mtu, na yule mtu alikuwa na huo mmoja tu. "Naweza kuufuta kwenye ukurasa wetu leo hii, shangazi," akasema. "Ila kwenye simu za watu siwezi kuingia." Nikamwambia najua, Ahmadi ameshanifundisha.

Erasmo alikuwa ameshika ile ya mwisho, anaipangusa na shati lake jeupe, anairudisha kwenye deki, inatoka, anaipangusa tena.

"Iache," nikamwambia. "Niambie kwa mdomo."

Akaiacha. Ilimchukua muda. Mtu anayeweza kusimama mbele ya maaskofu akaimba bila karatasi, pale alikuwa anameza mate kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Nilikukosea, dada," akasema. "Ulikuwa majini na mimi nikakuita mwongo mbele za watu. Nisamehe."

Mtu mwingine angesema yameisha. Nilitaka kusema yameisha. Lakini mimi sikusemwa chumbani.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Mimi peke yangu nimekusikia, na Mary, na mtoto. Wale walio nje je? Wao walisikia lile la kwanza."

Akaniangalia, na nikajua ameelewa ninachomwomba, na ameogopa. Halafu akasimama akatoka.

Nilimfuata mpaka barazani. Wanakwaya walidhani kazi inaanza, wakajipanga, kinanda kikagonga ile sauti ya kuanzia. Erasmo akanyoosha mkono kikanyamaza. Alisimama mbele yao kama siku zote, ila hakuinua mikono. "Huyu ni dada yangu Bertha," akasema, na sauti haikuwa ya kuimba, ilikuwa ndogo, waliokuwa nyuma walisogea. "Wengine mnamjua. Siku tuliyomzika mama alikuwa Matandu, kwenye maji, anataka kuvuka wanamzuia. Mimi nimelijua hilo tangu kabla albamu haijatoka. Nimewaimbisha uongo miaka yote hii. Hatuuimbi tena, wala video hatupigi."

Wazee wawili watatu waliokuwepo kwenye msiba waliangalia chini. Yule dada wa baibui akalivua polepole akalikunja, hajui alipeleke wapi. Nilishuka nikaketi kwenye mkeka, mahali ambapo mama alikuwa anakaa kupepeta.

Mwisho mama mmoja wa sauti ya pili akauliza kwa heshima, "Mwalimu, sasa tuimbe nini?"

Erasmo akanigeukia. Ni mimi niliyejibu. "Upo mwingine aliutunga akauimba peke yake. Awafundishe."

"Huo hatuujui, mama."

"Hata mimi siujui. Tutaujua wote leo."

Akaanza kuwafundisha kama wanavyofundisha siku zote, mstari mmoja, wanarudia, anawasahihisha, wanarudia tena. *Dada alikwama ng'ambo ya maji, na mimi nimekwama ng'ambo ya aibu.* Sauti ya tatu walikuwa wanakosea, akawarudisha, wakakosea, akawarudisha. Scholastica aliinua simu arekodi, akaniangalia kwanza. Nikamwashiria aishushe, akaishusha. Ubeti wa pili Erasmo aliimba nusu ya mstari akasimama. Pumzi ilikuwa imemwishia, na midomo ilikuwa inatafuta.

"Hapa pananipotea, dada," akasema. "Nimesahau."

Nikamwambia apumzike kidogo, halafu aanze tena mwanzo, mimi siendi popote.